Barua pepe: mashine ifukuze wezi, lakini isimchagulie mtu barua zake

Katika miji ya mashariki mwa Kongo, anayetafuta kazi ao buruse ya masomo anashinda siku hizi akiangalia simu. Tangazo linatoka kwenye mtandao, maombi yanatumwa kwa barua pepe, na jibu linarudi kwa njia hiyo hiyo. Mara nyingi anayeitwa kwenye mtihani wa kazi anapewa siku mbili ao tatu tu za kujibu. Lakini mbele mwenyewe aone barua hiyo, kuna mwingine ameisha kuipitia na kuamua iwekwe wapi: programu ya barua pepe yenyewe.

Je, kazi hiyo ya kuchambua barua inamsaidia mtu kweli? Jibu linakuwa ndiyo kwa upande mmoja na hapana kwa upande mwingine. Shida ni kwamba watu wengi hawajui kama kuna pande mbili.

Tuanze na namna mambo yalivyokuja. Gmail, ya kampuni Google, ilianza tarehe 1 Aprili 2004. Mwaka wa 2010 ikaanza kutenga barua inazofikiri ni za muhimu, na mwaka wa 2013 ikagawa sanduku vipande vipande: «Principale», «Réseaux sociaux», «Promotions» na vingine. Outlook ya Microsoft ikafuata mwaka wa 2015, ikiwa na «Prioritaire» na «Autres». Apple nayo ilileta mgawanyo wake kwenye iPhone mwezi wa Desemba 2024.

Huku kwetu jambo hili linagusa watu wengi kuliko inavyodhaniwa. Mwenye simu ya Android hawezi kupakua programu kwenye Play Store bila kuwa na anwani ya Google. Kwa hiyo wengi wana Gmail bila kuichagua. Mara nyingi waliifunguliwa na muuza simu, ao na mtoto wa jirani anayejua mambo ya mtandao, na tangu siku ile hawajaingia hata mara moja mahali pa kuirekebisha. Sanduku linabaki vile kampuni ilivyolipanga.

Programu inafanya kazi mbili ambazo watu wanazichanganya. Ya kwanza ni kufukuza barua za uongo na za utapeli, na kuzitupa ndani ya «Spam». Ya pili ni kupanga barua halali: hii ya mtu, hii ya biashara, hii ya Facebook. Kazi ya kwanza ni ya zamu anayesimama kwenye mlango wa lupango ili mwizi asiingie. Kazi ya pili ni ya zamu anayeamua mwenyewe mgeni gani apelekwe sebuleni na nani abaki nje karibu na jiko.

Zamu wa kwanza anastahili mshahara wake. Google inasema kwamba Gmail inazuia zaidi ya 99,9 % ya spamu, utapeli na virusi. Hata kama hesabu hiyo inatoka kwa mwenye mali, anayetumia barua pepe anaona matunda yake kila siku. Watapeli wanajua kwamba vijana wa huku wana kiu ya kazi. Wanaandika kwa jina la shirika kubwa, wanaweka alama yake juu ya karatasi, halafu wanaomba dola kadhaa «za kufungua dosie» ao «za matibabu». Ni vizuri kukumbusha hapa kwamba Umoja wa Mataifa haumwombi mtu pesa hata franka moja katika hatua yoyote ya kuajiri. Barua nyingi za namna hiyo zinakamatwa mbele zifike. Mwenye kusema tuondoe kizuizi hicho hajui anachoomba.

Zamu wa pili ndiye mwenye mashaka. Haelewi barua sawa vile mtu anavyoielewa, anatazama dalili. Nani ameituma? Imetumwa kwa watu wangapi kwa mara moja? Ina picha na alama za kampuni? Chini yake kuna mahali pa kubonyeza ili usipokee tena? Mwenye sanduku amezoea kuzifungua barua za mtumaji huyu, ao anazipita tu?

Sasa tuchukue barua ya kumwita mtu kwenye mtihani wa kazi. Shirika limepokea dosie nyingi na linajibu kwa kutumia mashine inayotuma barua kwa watu mia mbili kwa dakika moja. Anwani ni ile isiyojibiwa. Juu kuna alama ya shirika, chini kuna maneno ya kujiondoa kwenye orodha. Na mwenye kuipokea hajawahi kufungua barua yoyote kutoka anwani hiyo, kwani ndiyo ya kwanza. Dalili zote ni zile zile za tangazo la kuuza viatu. Mashine ikiiweka ndani ya «Promotions», haikuharibika. Imefanya kazi yake sawasawa. Ndiyo maana haitoshi kungoja kampuni itengeneze mashine yenye akili zaidi.

Makosa ya mashine hii hayana uzito mmoja. Tangazo la viatu likiingia kwa bahati mbaya ndani ya «Principale», mtu anapoteza sekunde mbili kulifuta. Barua ya kazi ikienda kulala ndani ya «Promotions», mtu anaweza kupoteza mwaka. Na simu haimwamshi: kwa kawaida Gmail inapiga kengele kwa barua za «Principale» tu. Ikiwa barua imeanguka ndani ya «Spam», hali ni mbaya zaidi, kwani humo inafutwa yenyewe kisha siku 30. Tena, mwenye kutafuta kwa kuandika jina la shirika kwenye sehemu ya juu ya Gmail hataiona, kwa sababu utafutaji wa kawaida haugusi «Spam». Mtu atasema hakuitwa, kumbe aliitwa.

Wako wanaotetea mgawanyo huo, na hoja zao si za bure. Mkuu wa ofisi anayepokea barua mia moja kwa siku hawezi kuzisoma zote. Akitengewa matangazo pembeni, anapata muda wa kazi. Hilo ni kweli kwake. Lakini mwanafunzi wa Butembo anayepokea barua kumi kwa juma hana msongamano wa kutengenezewa njia. Anatibiwa ugonjwa ambao hana, halafu dawa yenyewe inamdhuru.

Wengine wanasema mgawanyo unapunguza mega. Kinachokula mega zaidi ndani ya barua ni picha na mafaili yaliyofungwa nayo, wala si kipande cha sanduku ambamo barua imelala. Gmail ina mahali pa kuiambia iulize kwanza mbele ya kuonyesha picha. Huko ndiko mwenye kununua mega za siku moja atapata faida.

Tena tusisahau kwamba mgawanyo haukuletwa kwa ajili ya mpokeaji peke yake. Ndani ya «Promotions» na «Réseaux sociaux», Google inaweka matangazo yake ya kulipwa, yakikaa juu kwa umbo la barua. Si kosa kampuni kutafuta pesa, kwani huduma yenyewe hailipiwi. Lakini mtu ajue kwamba aliyepanga nyumba ana mapato yake ndani ya vyumba hivyo.

Basi afanye nini mwenye kungoja jibu? Aache kizuizi cha spamu kifanye kazi, ila afungue «Spam» mwenyewe angalau mara moja kwa juma, na kila siku akiwa ametuma dosie. Mgawanyo auondoe. Kwenye Gmail ya simu anaingia «Paramètres», anagusa anwani yake, anatafuta mahali pa «catégories», na kuondoa alama mbele ya «Promotions» na «Réseaux sociaux». Barua za vipande hivyo zitarudi mahali pamoja, na kengele italia. Asiyetaka kuondoa aweke anwani ya shirika kati ya majina ya simu yake mara tu anapotuma maombi. Na akikuta barua ya maana imepotea njia, aihamishe kwa mkono, kwani mashine inajifunza kwa vile mwenye sanduku anavyofanya.

Lakini kumwachia mtafuta kazi mzigo wote peke yake si haki. Wenye kuajiri, vyuo vikuu na wanaotoa buruse nao wana deni. Toka Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, watu wengi wametawanyika. Mmoja yuko Beni, mwingine Bujumbura, mwingine Kampala, na karatasi haiwezi tena kubandikwa kwenye mlango wa ofisi kila mtu akaisoma. Barua pepe imebaki uzi mmoja mwembamba kati ya mtu na nafasi yake. Shirika linalojua hali hiyo, halafu linatuma barua moja kwa mashine, linatoa saa 48 na kufunga orodha, haliwezi kusema limewaita watu wote sawasawa.

Dawa si ghali. Tangazo la kazi liseme wazi anwani ipi itatumika kujibu, ili watu waiandike mapema. Waliochaguliwa watumiwe pia ujumbe mfupi wa simu. Namba zao ziko tayari kwenye CV. Wapewe siku za kutosha, kwani umeme unakatika na mtandao unapotea. Na mtu ambaye hajajibu apigiwe simu mara moja mbele jina lake lifutwe. Mashirika yanayojivunia kwamba yanaajiri bila upendeleo yaanzie hapo, kwa sababu anayefutwa kwa ajili ya kipande cha sanduku ambacho hakukijua hakushindwa mtihani. Hakupewa hata nafasi ya kuufanya.

Mashine ibaki mlangoni na ifukuze wezi. Barua ikiisha kuingia ndani, mwenye nyumba ndiye anapashwa kuamua ni ya maana ao hapana.