Gari la Wazi Lataka Mwenye Kuliweza

Yako magari ya kwendea kazini, yako ya kubebea mizigo, na liko gari moja ambalo mtu hulinunua kwa kuwa moyo umelipenda, kisha ndipo atafute sababu za kumweleza mkewe. Hilo ni gari la wazi: lisilo paa, lenye nguvu katika magurudumu yote manne, lipandalo mchanga na kuvuka tope. Ukilikuta Diani au Watamu au Mambrui, mara nyingi utaliona limejaa vijana waliosimama nyuma kama mabaharia juu ya dau. Ukurasa huu umezoea kuzungumza mashairi, na ngoma, na mapishi ya mwezi wa Ramadhani, na huenda msomaji akauliza gari lahusu nini hapa. Lahusu sana. Kipando ni katika ada za watu. Wazee wetu walimjua mtu kwa punda wake, yupi ana mwendo na yupi ana ukaidi, na leo twajuana kwa magari.

Tuanze na nasaba yake, maana kitu kisichojulikana asili hakikosi kumdanganya mnunuzi. Jeep za Marekani zilianza kutoka kwa wingi 1941 kwa ajili ya vita, na hadi vita vilipokwisha 1945 yalikuwa yamekwisha kuundwa zaidi ya magari laki sita ya namna hiyo, mengine na Willys na mengine na Ford. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa nayo moja katika shamba lake huko Anglesey, akaona ya nini kutumia ya wageni. Ndipo Land Rover ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi wa Aprili, 1948. Chuma kilikuwa adimu wakati ule, kwa hivyo bodi ikafanywa kwa aluminiamu, na rangi yake ya kijani ilikuwa ni ile iliyosalia katika kazi za ndege za vita. Paa lake lilikuwa turubai. Basi gari hili si gari lililovuliwa paa, lilizaliwa hivyo. Naomba msomaji alishike neno hilo, maana nitalirudia. Toyota nao wakatoa lao 1951, na jina la Land Cruiser likafuata 1954. Wale wadogo wa Suzuki walianza 1970, na aina ya SJ410, ambayo ndiyo iliyozoeleka sana katika mahoteli ya pwani, ikatoka 1981.

Kwetu sisi gari hili lilikuja na serikali. Lilikuwa la Bwana Dii Sii, la polisi, la bwana nyama. Kule Lamu, ambako vichochoro havikujengewa gari, kwa muda mrefu gari la mkuu wa wilaya lilikuwa karibu ndilo gari pekee la kisiwani, nalo lilikuwa Land Rover. Filamu ya Born Free, iliyopigwa nchini humu na kutoka 1966, ikalitembeza ulimwengu mzima pamoja na simba wake. Na hata baada ya uhuru, katika sikukuu za taifa, Rais alikuwa akiingia uwanjani akisimama juu ya Land Rover isiyo paa ili wananchi wamwone. Ndiyo maana mtu wa kawaida akilipanda hujihisi ameongezeka cheo. Hilo si neno, maadamu cheo hakimpandi kichwani.

Raha yake sitaificha. Anayetoka Malindi alfajiri kuelekea Garsen ndani ya gari lililofungwa hufika Garsen, basi. Anayekwenda kwa gari la wazi hupita katika harufu moja baada ya nyingine: samaki wanaoanikwa, mwembe uliotoa maua, moshi wa kuni, udongo ulionyeshewa usiku. Akivuka daraja la Sabaki upepo hubadilika, naye huujua kabla ya kuuona mto. Kaskazi ikivuma, joto la Januari ambalo nyumbani humfanya mtu azunguke na kipepeo huwa haliko tena.

Lakini raha kubwa kuliko hiyo, kwa maoni yangu, ni salamu. Siku hizi mtu apita mbele ya baraza ndani ya gari la vioo vyeusi vilivyofungwa, baridi ya mashine yampuliza, nasi tuliokaa hatujui kama ametuona au ametudharau. Tumekwisha kuzoea, lakini ni utovu wa adabu uliotengenezwa kiwandani. Mwenye gari la wazi hana pa kujificha. Sharti atoe salamu, sharti aulize hali, na akimkuta mzee njiani na kikapu chake hawezi kujifanya hakumwona. Gari hili limemrudisha mtu barazani, ijapokuwa anakwenda.

Tuje kwenye maswali yenyewe, maana mengi huulizwa baada ya fedha kutoka.

La kwanza ni la nyumbani. Mama aliyevaa buibui lake, au mkwe anayepelekwa arusini, hataki kuwasili mtandio umeruka na vumbi usoni hata wanja umekuwa matope. Mwanamume anayependa upepo asidhani nyumba nzima yaupenda. Turubai na iwepo, na matao yake ya chuma yawe kamili, na iwe inafungika kwa dakika chache, si mpaka waitwe watu watano. Gari hili liko juu. Mzee wa miaka sabini hapandi bila msaada, basi weka kibago ndani, umshushie kwa heshima. Na kofia yako ivae ile ikukazayo, au uitie mfukoni.

La pili ni chumvi, na hapa ndipo pesa za watu zinapoliwa. Muuzaji atakwambia Land Rover haishiki kutu kwa kuwa bodi ni aluminiamu. Amesema nusu. Chasisi iliyo chini ni chuma, nayo huoza kutoka ndani kwa siri kama jino. Na pale aluminiamu inapogusana na chuma, maji ya chumvi yakaingia kati, aluminiamu huliwa ikawa unga mweupe. Kwa hivyo anayenunua asitazame rangi. Avue kanzu yake, avae nguo ya kazi, alale chini ya gari na nyundo ndogo, agonge boriti ya nyuma na masikio ya springi. Chuma kizima hulia; kilichooza hutoa sauti ya nazi koroma. Ukishalinunua, kila utokapo ufuoni lioshe chini kwa maji baridi siku ile ile, wala usingoje Jumamosi. Wako wapakao oili chafu chini kuzuia kutu. Yazuia, lakini ikigusa raba za springi na mipira ya breki huiozesha, na breki ya gari la kwenda mchangani si kitu cha kukifanyia masihara.

La tatu ni mchanga wenyewe. Mwenye gari jipya hudhani magurudumu manne ni hirizi. Mguu wa ngamia hauzami kwa kuwa ni mpana, na tairi ni vivyo hivyo: punguza upepo, kutoka ratili thelathini hivi mpaka kumi na tano au kumi na nane, nalo litapanuka na kuelea. Gia nzito itiwe kabla ya kuingia mchangani, si baada ya kuzama. Ukihisi gari lalegea, usikanyage mafuta kwa hasira, maana kila mzunguko wa tairi ni kuchimba kaburi lako. Shuka, ondoa mchanga kwa beleshi, tia ubao, toka polepole. Kisha kabla ya kurudi barabara ya lami jaza upepo tena, kwani tairi legevu kwa mwendo wa kasi hupata moto, na gari huyumba katika kona. Asiye na pampu ndani ya gari asiingie mchangani hata kidogo.

Na bahari haina rafiki. Bamvua ya pwani yetu hupanda na kupwa zaidi ya mita tatu. Kijana wa mjini akiona ufuo umekauka hudhani Mungu amemjengea barabara. Akikwama, saa chache baadaye maji yako kwenye usukani. Wavuvi watakwambia siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu kuwa maji yatarudi kwa nguvu, nao hawatozi fedha kwa elimu hiyo. Ukipita kwenye maji kwa dharura, fungua ukague mafuta ya difu: yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, yamwage utie mapya.

Lakini naona kuna haja ya kuuliza kama ufuo ni mahali pa gari kabisa. Kasa hupanda usiku kutaga juu ya alama ya maji, na mayai hukaa mchangani kiasi cha miezi miwili. Gari likipita juu yake mchanga hushindiliwa, na vitoto vinavyotoka huanguka katika mfereji wa tairi, vikazunguka humo mpaka kunguru au kaa avichukue. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa 1968, na watu wamefanya kazi kubwa kulinda yaliyomo. Isitoshe, ufuo ni kiwanda cha mvuvi. Ndipo anapoanika wavu na kupandisha ngalawa. Njia za mchanga zipo nyingi, kuanzia Mokowe hadi Kiunga, zisizohitaji kumkanyaga mtu wala mnyama. Huko ndiko gari hili lilikotakiwa.

Sasa nilirudie lile neno la mwanzo. Kumezuka mafundi ambao mtu huwapelekea gari dogo la kawaida, wakalikata paa kwa moto, wakalipaka rangi ya manjano, na jioni yake likawa gari la wazi. Jambo hili ni hatari, na ukurasa huu hauoni haya kulikemea. Land Rover ya kale au Suzuki ndogo ya zamani ina chasisi yake chini ibebayo mzigo wote. Ukitoa turubai hujatoa nguvu. Lakini magari mengi madogo ya leo hayana chasisi ya namna hiyo. Bodi nzima, pamoja na paa na nguzo zake, ndiyo inayolishika gari. Ukikata paa umekata uti wa mgongo. Litakwenda, naam, na milango itafunga mwezi wa kwanza. Siku litakapogongwa litajikunja kama bahasha. Kubadili bodi ni jambo linalopaswa kufikishwa kwa wakaguzi wa serikali na kuandikwa katika hati za gari, na wakaguzi nao wasitazame taa na honi tu.

Hata lile lililozaliwa wazi lina tabia yake. Ni fupi na liko juu, kwa hivyo halipendi kukatwa kona ghafula. Mwaka 1988 shirika la Consumers Union la Marekani lilitangaza kwamba Suzuki Samurai ni rahisi mno kupinduka. Kampuni ikapinga, ikaenda mahakamani 1996, na pande mbili zikapatana 2004. Mimi si hakimu wa kesi hiyo. Ninalojua ni kwamba gari lililofunikwa likipinduka kuna paa la kupokea pigo la kwanza, na lililo wazi hupokelewa na kichwa cha mtu. Basi fito nene za chuma zifungwe kwenye chasisi yenyewe, si kwenye bati la bodi, na kila anayekaa, mbele na nyuma, awe na mkanda. Mkanda umekuwa neno la kila siku nchini tangu kanuni za 2004 za magari ya abiria; iweje mwenye gari la starehe aone haya kuufunga? Yule bedui aliambiwa amfunge ngamia wake kwanza, ndipo ategemee. Dua ya kupanda kipando isomwe, na mkanda ufungwe.

Wale watoto wanaosimamishwa nyuma siku ya Idi, wameshika chuma kwa mkono mmoja na peremende kwa mwingine, ndio hasa walionifanya niandike haya. Nguo mpya, furaha, tarumbeta. Breki moja ya ghafula yatosha. Baba aliyeweza kununua gari aweza kununua mikanda minne.

Gharama nitazipitia kwa haraka, kila mtu ajua mfuko wake. Gari la zamani litakunywa petroli zaidi ya unavyodhani. Nje ya nchi huwezi kuagiza gari lililozidi miaka minane, kwa hivyo Land Rover ya kale ni ile iliyokwishakuwapo hapa, na vipuri vingi hupatikana kwa kuwa na subira na fundi mzee. Fundi huyo mheshimu. Vijana wengi hawajui tena kurekebisha kabureta kwa sikio. Wezi nao hawana haja ya kuvunja kioo: usiache kitu ndani hata kanda ya kichwa.

Na ujue kwamba ukikaa kijijini, gari lako si lako peke yako. Masika yakija na njia ya udongo ikawa uji, mlango wako ndio utakaogongwa saa nane za usiku: mama ameshikwa na uchungu, au jeneza lingojewa. Hutakataa, na wala usikatae. Ila kwa ajili hiyo turubai isiachwe ghalani kuliwa na panya, na tangi lisilale tupu. Na siku utakapoliuza, liuze pamoja na turubai na matao yake, maana mnunuzi atakayeyatafuta peke yake atazunguka kutoka Mombasa hadi Nairobi, na ataishia kwa fundi wa mahema.