Rekoda: Robo Saa kwa Siku Yatosha

Mzazi wa Theta, mwanao wa Gredi ya 4 anajifunza rekoda shuleni kwa mtaala wa CBC. Nawe wamfungia chumbani saa mbili kila Jumamosi. Ya nini? Vidole hujifunza kidogo kidogo, na usingizi husaidia ubongo kuhifadhi somo. Hata wapiga fidla hodari wa Berlin, katika utafiti wa Ericsson wa 1993, waligawanya mazoezi yao na kupumzika katikati.

Mpe dakika 15 kila siku, kabla jirani wa ploti hajalala. Akiomba kuongeza, mwache. Akianza kuificha rekoda, punguza: ukimlazimisha, atauchukia muziki wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.