Uvumilivu Unaolisha Ugonjwa

Msimu wa kuvuna miwa ukifika, mashamba ya Ruhembe, wilayani Kilosa, huchomwa moto na masizi meusi hudondoka kila mahali: kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye ndoo za maji, kwenye vichwa vya watoto. Watu huyapangusa na kuendelea na kazi. Lakini ipo nyumba ambamo mke hufua upya kanga zote, husugua ndoo, huoga mara ya tatu, humwamuru mume avue nguo uani kabla hajavuka kizingiti, kisha huanza tena kwa sababu moyo bado haujatulia. Ipo nyingine ambamo mume ndiye anayeamka usiku kukagua komeo, akarudi kitandani, akaamka tena, mpaka alfajiri. Mwenzi aliyechoka akipeleka shauri kwa wazee, kwa kungwi wake au kwa shangazi, jibu ni moja: mvumilie, ndoa ni uvumilivu.

Ushauri huo unaharibu watu, na nausema hivyo nikijua kuwa wanaoutoa wana nia njema.

Mtu anayerudia kufua au kukagua hivyo hana usafi wa kupindukia wala kiburi wala gubu. Ana ugonjwa wa mawazo yanayong'ang'ania na vitendo vya kurudiarudia, ambao hospitalini utasikia ukiitwa OCD. Wazo humwingia bila hodi: mikono ina uchafu utakaoua watoto, mlango haujafungwa, nimemtukana Mungu moyoni. Hofu humpanda. Ananawa, anakagua, anauliza, na hofu inashuka kidogo. Mara nyingi yeye mwenyewe anajua kwamba anachofanya hakina maana, na kujua huko hakumsaidii kuacha. Nafuu ile ni mkopo wa kausha damu: leo umepumua, kesho deni limekua, na kunawa mara tatu kunageuka mara kumi. Mume anayemchotea ndoo ya nne ndiye mdhamini wa mkopo huo. Mke anayejibu "ndiyo, umefunga" kwa mara ya ishirini naye ametia saini.

Hapo ndipo uvumilivu wetu unapogeuka sumu. Tunamsifu mume anayevua nguo uani bila kunung'unika, tunamsifu mke anayekagua komeo kwa niaba ya mwenzake, na kumbe kila utii huo unauthibitishia ugonjwa kwamba hatari ilikuwa ya kweli.

Nyuma ya "mvumilie" kuna imani nyingine: kwamba huu si ugonjwa wa hospitali. Ni mkono wa mtu, ni majini, ni mizimu iliyosahauliwa. Basi pesa ya miwa ikiingia inakwenda kwa mganga, na ikiisha, uvumilivu unaanza upya. Tafiti za nchi nyingi zinaonyesha kuwa ugonjwa huu huwapata watu 1 hadi 3 kati ya kila 100 katika maisha yao, wenye mashamba na wasio nayo, wanaoamini uchawi na wasiouamini. Mchawi gani huyo anayefuata mpango mmoja dunia nzima?

Wala dini haikutuambia turudierudie. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya wasiwasi unaong'ang'ania kama maradhi yanayohitaji tiba, akautenga na huzuni na hofu ya kawaida. Mafundisho ya fiqhi yanasema mwenye udhu akishuku kwamba umetenguka haachi sala yake mpaka awe na yakini, na aliyezidiwa na wasiwasi huambiwa aupuuze. Kwa Wakatoliki, Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliteswa na jambo hilihili kule Manresa, Hispania, mwaka 1522: aliungama dhambi zilezile za zamani bila kupata amani, na hatimaye akaazimia kutoziungama tena. Shehe au padri anayemwambia mgonjwa "usirudie" ameshika njia sahihi kuliko ndugu anayemletea maji.

Hospitali nayo ilifika hapohapo. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer wa London alichapisha habari za wagonjwa wawili walioshindikana kwa tiba nyingine. Walikutanishwa na walichokiogopa, kisha wakazuiwa kufanya vitendo vyao vya kujituliza, wauguzi wakiwa pembeni yao. Walipata nafuu kubwa, na tiba iliyokua kutoka hapo ndiyo inayotegemewa hadi leo. Kwa mke wa Ruhembe ingekuwa hivi: pamoja na mtaalamu anapanga anavyoviogopa kuanzia chepesi hadi kizito. Anashika ndoo yenye masizi, hanawi, anasubiri. Hofu inapanda, inamtetemesha, halafu inashuka yenyewe. Kesho tena, hata kama mara hii imechukua saa nzima. Anajifunza kwa mwili wake kwamba hofu hupita bila maji.

Mume asikimbilie kufunga bomba kwa hasira. Kumvizia mgonjwa ni ukatili, na hakuponyi. Wakubaliane kwanza, wakiwa watulivu, kipi kitaachwa wiki hii na kipi kitangoja. Saa ya hofu ikifika, aseme kwa upole: "Mama watoto, naona unavyoogopa, ila tulishakubaliana. Sitachota maji mengine. Njoo tukae." Na akae naye kweli. Kukaa huko ni kugumu kuliko kuchota maji, na huo ndio uvumilivu ninaoukubali.

Dawa zipo pia, na tiba mbili zikienda pamoja huwasaidia wengi. Fluoksetini na klomipramini zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ugonjwa huu mara nyingi hutaka dozi kubwa kuliko ya sonona, na matokeo hungojewa wiki 8 hadi 12. Wengi huacha wiki ya tatu wakisema dawa imeshindwa. Kichefuchefu cha mwanzo hupungua. Hamu ya tendo la ndoa inaweza kushuka, na wanandoa waambiwe mapema ili wasizushiane maneno. Diazepamu humtuliza mtu usiku mmoja, haitibu ugonjwa huu.

Kuna kundi linaloniumiza zaidi: mama aliyejifungua anayejiwa na wazo la kumkata mwanawe, akaficha visu, akaogopa hata kumwogesha. Akisema, mashemeji wanamrudisha kwao kama muuaji. Mama anayetishwa namna hii na wazo lake anateswa na hofu. Hana nia ya kuua, na anahitaji tiba na mtoto wake. Anayesikia sauti zikimwamuru, au anayeamini kweli kwamba mtoto ni shetani, huyo ana ugonjwa mwingine: apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Safari ya kawaida inaweza kuanzia hospitali ya St. Kizito hapa Mikumi, au hospitali ya wilaya Kilosa, mkiomba rufaa ya Morogoro mjini kwa daktari wa afya ya akili. Ikibidi, Dodoma iko Mirembe, hospitali iliyofunguliwa 1927, ambayo jina lake tumeligeuza tusi kiasi kwamba mtu yuko radhi aoze ndani kuliko kuonekana akienda huko.

Hata sheria haiharakishi kukata tumaini. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 107, inaruhusu ugonjwa wa akili kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika, lakini kwa sharti zito: madaktari wasiopungua wawili, mmoja wao mjuzi wa magonjwa ya akili, wathibitishe kwamba hakuna tumaini la kupona. Sisi huku tunakata tumaini bila hata daktari mmoja, ama kwa talaka ama kwa "mvumilie". Shauri la namna hii likifika baraza la usuluhishi, wajumbe waulize kabla ya lolote: amemwona daktari gani, alipewa dawa gani, akaimeza kwa wiki ngapi, na nani nyumbani ameacha kumchotea maji?