Tusizisingizie Mbingu

Ibrahim, mwana wa Mtume Muhammad (S.A.W.), alifariki Madina mwaka wa 10 wa Hijra, hajaacha ziwa. Siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wakasema, na nani angewalaumu, kwamba jua limepatwa kwa msiba wa mtoto yule.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Mzazi yumo msibani, na umma unamletea ushahidi kwamba mbingu zenyewe zimejifunga kaniki kwa ajili ya mwanawe. Hakuhitaji kusema neno. Kunyamaza tu kungetosha, na watu wangezidi kumsadiki. Hakunyamaza. Aliwaswalisha, kisha akawaambia kuwa jua na mwezi ni alama miongoni mwa alama za Mwenyezi Mungu, na havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Wataalamu wa falaki, kwa kuhesabu kurudi nyuma, wanakuweka kupatwa huko tarehe 27 Januari mwaka 632.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu siku hizi sisi tunaoshika dini, na wenzetu wanaokana kuwa kuna Mungu, tumekamatana mashati kwa ushahidi wa namna ile ile aliyoikataa yeye.

Juzi barazani kwetu, baada ya Isha, kijana mmoja wa chuo aliweka kikombe chini akamwambia maalim wetu: "Maalim, darubini zimeshafika mwisho wa ulimwengu, na hazikuona kiti cha enzi." Maalim hakutikisika. Alitoa simu akamwonyesha mhubiri mmoja anayesema kwamba Mlipuko Mkuu umo kitabuni tangu zamani, Wazungu wamekuja kuunakili tu. "Mwanangu, tulia," akamwambia. "Hao unaowasoma wameshasalimu amri." Baraza likacheka, muuza kahawa akapitisha birika, habari ikaishia hapo. Mimi nilirudi nyumbani nimeingiwa na huzuni. Wote wawili ni watu werevu, na wote wawili walikuwa wakizisingizia mbingu maneno ambayo hazikuyasema.

Nadharia hiyo ya Mlipuko Mkuu wanayoigombania ina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa padri. Georges Lemaître, Mbelgiji, alipigana katika Vita Vikuu vya Kwanza kwenye kikosi cha mizinga, akapata upadri mwaka 1923, kisha akaenda Cambridge na Marekani kusoma elimu ya nyota. Mwaka 1927 alichapisha makala kwa Kifaransa akionyesha kwamba ulimwengu unatanuka: galaksi zinaachana kama zabibu ndani ya mkate wa sinia unaoumuka. Einstein alikutana naye Brussels mwaka huo huo akamwambia kuwa hesabu zake ni sahihi, ila fizikia yake inachukiza. Padri hakukasirika. Mwaka 1931 alisogea mbele zaidi. Ikiwa vitu vinaachana leo, akasema, basi ukirudi nyuma vya kutosha utavikuta vyote vimebanwa pamoja katika kitu kimoja, atomu ya mwanzo.

Upande wa pili alikuwako Fred Hoyle wa Cambridge, mtu asiyeamini Mungu wala asiyelificha jambo hilo. Kwake yeye, habari ya ulimwengu kuwa na mwanzo ilinuka ubani wa kanisani. Mwaka 1948 yeye na wenzake wawili, Bondi na Gold, walileta ulimwengu usio na mwanzo, ambamo vitu vipya huzuka kidogo kidogo kujaza nafasi. Mwaka uliofuata, akizungumza katika redio ya BBC, alilitaja wazo la akina Lemaître kwa jina la "mlipuko mkuu", na jina hilo alilolitoa mpinzani ndilo lililoshika.

Sasa angalia lililotokea mwaka 1951. Papa Pius XII aliwahutubia wanasayansi huko Vatikani akionyesha kuwa elimu ya kisasa imefika pale pale Mungu aliposema iwepo nuru. Waumini wakashangilia. Padri Lemaître hakushangilia. Alizungumza na mshauri wa Papa katika mambo ya sayansi, na mwaka uliofuata, Papa alipowahutubia wataalamu wa nyota mjini Roma, hakuyarudia maneno hayo. Msimamo wa padri ulikuwa kwamba nadharia yake iko nje ya swali la dini kabisa: anayekana ana nafasi ya kukana, anayeamini ana nafasi ya kuamini.

Mtu amepewa ushindi na mkuu wa Kanisa lake mwenyewe, mbele ya dunia nzima, akaurudisha. Mimi kila nikiufikiria uamuzi ule namkumbuka yule mzazi wa Madina.

Ushahidi ulikuja baadaye, tena kwa bahati. Mwaka 1964 Penzias na Wilson, wanafizikia waliotumia antena kubwa huko New Jersey, walisikia mvumo wa redio usiokatika, usiku na mchana, kutoka kila upande wa anga. Walidhani ni uchafu wa njiwa waliojenga kiota ndani ya antena. Wakausafisha, mvumo ukabaki. Lilikuwa joto lililosalia la ule mwanzo, ambalo leo limepoa hadi yapata digrii 270 chini ya sifuri. Lemaître alipata habari hizo akiwa mgonjwa, akafariki Juni 1966. Hoyle hakukubali hadi alipokufa mwaka 2001.

Tusimdhulumu Hoyle, lakini. Ndiye aliyetuonyesha, pamoja na wenzake, katika kazi ya mwaka 1957, jinsi madini yanavyopikwa ndani ya nyota, hata chuma kilichomo katika damu yako wewe unayesoma. Na alipoona jinsi kaboni inavyopatikana kwa tundu dogo mno la sheria za fizikia, alisema hadharani kuwa ni kama akili fulani imeutia mkono ulimwengu huu. Maneno hayo hayakuisaidia kambi yake. Aliyasema.

Waumini wenzangu, kwani nami ni mmoja wenu, nawaambieni: ukiifunga imani yako kwenye kigingi cha nadharia, siku wataalamu watakapoking'oa utakwenda nacho na kamba yako. Leo umri wa ulimwengu unahesabiwa miaka bilioni 13.8. Hesabu hiyo ilikuwa nyingine jana, na huenda ikarekebishwa kesho. Je, utamrekebisha na Mola wako? Babu zetu waliswali bila kujua kuna galaksi, na swala zao hazikuwa pungufu.

Nawe kijana, sikulaani. Kukana kuna heshima yake mtu akikana baada ya kufikiri, na wapo wanaoitikia "Amina" msikitini na kanisani ambao hawajafikiri hata mara moja. Lakini usiseme darubini ndiyo iliyokana. Darubini hupima mwanga, joto na umbali, na hakuna muumini aliyedai kuwa Mola wake ana joto la kupimwa. Kutafuta huko ni kupima utamu wa chai kwa rula, kisha ukatangaza kuwa chai haina sukari.

Wala sisemi, kama wasemavyo wapatanishi wa harakaharaka, kwamba wote wawili wana haki. Ama ulimwengu una mwenyewe, ama hauna. Mmoja wetu amekosea, na ni kosa kubwa. Ninachokataa ni kumpata mkosaji kwa shahidi wa kununuliwa.

Na sisi wa pwani tuna sababu ya kujua kwamba mbingu hazinunuliki. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, karibu na Malindi, ilirushwa satalaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei za angani. Ilipewa jina la Uhuru, kwa kuwa Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake siku hiyo. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339, na kimojawapo, Cygnus X-1, kiliwapeleka wataalamu kwenye shimo jeusi. Ipekue orodha hiyo mstari kwa mstari. Hakuna mstari uliotiwa sahihi na Maalim, wala na kijana wa chuo.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa tena. Giza kamili la mchana litapita Misri, lipite juu ya Makka yenyewe, lishuke Yemen hadi Somalia. Huku kwetu tutaona jua lililomegwa kipande. Picha zitamiminika simuni siku hiyo, za wanaosema ni hasira ya Mungu juu ya fulani na za wanaosema haya, mmeona, hakuna kitu. Zikikufikia, nakusihi, usizitume kwa mwingine. Mwenye kuswali na aswali, mwenye kutazama na atafute miwani ya kufaa asije akaunguza macho.