Somo la Beda Amuli kwa Wajenzi wa Kemondo

Wako watu wanaodhani kwamba msanifu majengo ni anasa ya miji mikubwa. Kwa mawazo yao, Dar es Salaam na Dodoma ndiko anakostahili kuitwa mtaalamu wa kuchora, kwa kuwa huko ndiko kunakosimamishwa mabenki, mahoteli na maghorofa ya wizara. Lakini Kemondo, kule Bukoba Vijijini kando ya Ziwa Viktoria, watu hao huona kwamba panatosha fundi mwashi, saruji, bati na ramani iliyochorwa mbali na mtu ambaye hajapata kuiona mvua ya Kagera. Dhana hiyo ni potofu, na maisha ya kazi ya Ndugu Beda Amuli yanaisuta.

Ndugu Amuli anakumbukwa kuwa msanifu majengo wa kwanza Mwafrika katika Tanzania. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na mafundi hodari wa kuashi na kuezeka, lakini kalamu ya kuamua umbo la majengo makubwa ilikuwa mikononi mwa wageni, au mwa raia wachache waliobahatika kusomea fani hiyo nje. Ndugu Amuli alikwenda kusoma katika chuo cha Technion, mjini Haifa, Israel. Aliporudi alifanya kazi na kampuni ya Kiisraeli ya Zevet, ambayo ndiyo iliyochora Hoteli ya Kilimanjaro ya Dar es Salaam. Hatimaye akathubutu jambo ambalo wakati huo lilionekana gumu kwa Mwafrika: akafungua ofisi yake mwenyewe ya usanifu.

Kazi iliyomtambulisha kwa wananchi ni Soko Kuu la Kariakoo. Mahali pale pana historia ndefu. Wajerumani walikuwa wamejenga hapo ukumbi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Waingereza walipoiteka Dar es Salaam wakapafanya kambi ya wapagazi wa jeshi lao, na ndipo lilipotokea jina la Kariakoo. Soko jipya lililochorwa na Ndugu Amuli lilifunguliwa mwaka 1975. Halikufanana na jengo lolote lililokuwa limeachwa na mkoloni. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege inayosimama juu ya nguzo, mithili ya miti yenye matawi mapana ambayo tangu zamani wachuuzi wa Kiafrika wameketi chini yake kuuza mazao. Hewa hupita, jua halimchomi mchuuzi wala kuinyausha mboga, na miavuli ile ilibuniwa ikusanye maji ya mvua na kuyashusha chini ya jengo.

Tuzo na sifa za magazeti ya kigeni hazikuhitajika ili wananchi watambue kwamba soko lile ni lao. Sababu yake ni nyepesi. Kabla ya kuchora, msanifu alijiuliza mambo ya kawaida kabisa: mama muuza mchicha ataketi wapi, joto la Dar es Salaam litatokaje, mvua ya masika itakwenda wapi. Jengo lilitokana na majibu ya maswali hayo. Huo ndio usanifu. Urembo wa jengo hufuata baada ya msanifu kujua nani atalitumia, na chini ya mbingu ya namna gani.

Maswali hayo yakiulizwa Kemondo, majibu yake hayawezi kuwa yale ya Dar es Salaam. Ukanda wa ziwa katika Bukoba na Muleba hupata mvua ya kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya ile ya Dar es Salaam. Kila mwalimu aliyefundisha huko anajua mambo yanavyokuwa mvua inapolipiga bati lisilo na dari: sauti yake humezwa, wanafunzi hutazamana, na kipindi hupotea. Maji yale yale humwagika kutoka kwenye paa lisilo na mfereji, yakachimba msingi wa darasa, kisha kengele ikilia watoto hutumwa na ndoo kwenda kutafuta maji mtoni. Ikiwa mwaka 1975 soko la Kariakoo liliweza kubuniwa likinge maji ya mvua, ni kwa hoja gani shule ya Kemondo, yenye mvua maradufu, isibuniwe hivyo leo?

Wala haifai kusemwa kwamba watu wa Kemondo hawana utamaduni wa utaalamu hata wawe wa kupokea tu. Katika miaka ya 1970 wanaakiolojia walifukua huko Kemondo mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri wa karibu miaka 2,000, na mwaka 1978 habari zake zilichapishwa katika jarida maarufu la Science la Marekani. Wahunzi wa kale wa Buhaya walijenga tanuri zao kwa udongo wa kichuguu, wakajaza shimo lake nyasi za bwawani zilizochomwa, na wakaingiza ndani ya tanuri mirija ya udongo ya kupitishia hewa ya mivuo. Hawakuagiza ramani kutoka popote. Waliujua udongo wao, kuni zao na nyasi zao, na kwa ujuzi huo wakapata joto la kuyeyusha chuma. Na msonge wa Kihaya, nyumba ya mviringo iliyoezekwa nyasi kutoka kileleni mpaka chini, nao ulikuwa jibu la mafundi kwa mvua ileile inayowashinda wajenzi wa sasa.

Hapa hakuna anayetaka walimu warudishwe kwenye msonge. Bati, saruji na nondo ni maendeleo, na wananchi wameyatolea jasho. Linalodaiwa ni kwamba fikra iliyojenga msonge, yaani fikra ya kuisoma nchi kwanza na kujenga baadaye, isitupwe pamoja na nyasi zake.

Mwishoni mwa mwaka 2021 Serikali ilianza kujenga madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20, na kazi ikafanyika kwa miezi michache tu. Ilikuwa kazi ya kujivunia. Watoto ambao wangesubiri zamu ya kuingia darasani walipata mahali pa kuketi, na mafundi wa vijijini walipata kazi na ujira. Lakini baada ya kupongeza, hapana budi kutazama mbele. Kiwango kimoja cha fedha na ramani ya aina moja kwa nchi nzima hurahisisha hesabu za ofisini, ila havibadilishi tabia ya nchi. Dodoma ina ukame na vumbi, Mtwara ina joto la pwani, Njombe ina baridi kali, na Kagera ina mvua na ina tetemeko.

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 halijasahaulika. Lilikuwa na ukubwa wa 5.9, likaua watu zaidi ya 15, likajeruhi mamia, na kuangusha au kupasua maelfu ya nyumba. Shule kongwe za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya hata zikafungwa kwa muda. Mainjinia wa nchi zote wanajua kwamba katika tetemeko la namna hiyo kuta zinazohatarisha maisha kwanza ni zile za matofali mazito yaliyoungwa kwa udongo au kwa saruji haba, zisizofungwa pamoja na mkanda wa zege na nondo kuzunguka jengo zima, na zisizoshikana sawasawa na kenchi za paa. Ardhi haimuui mtu kwa kutikisika peke yake. Kinachoua ni ukuta uliojengwa bila kuikumbuka ardhi hiyo. Darasa la Kemondo likijengwa kana kwamba mwaka 2016 haukupata kuwako, basi waliokufa hawajatufundisha lolote.

Yapo majibu ambayo hutolewa haraka kila jambo hili linapotajwa. La kwanza ni kwamba utaalamu ni ghali. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa fedha za halmashauri ni fedha za wananchi, na kila shilingi inayokwenda kwenye michoro ni tofali moja pungufu. Lakini hakuna anayetaka kila shule ichorewe ramani yake. Nchi ikigawanywa katika kanda chache kwa mvua, joto na hatari ya tetemeko, ramani chache zilizofikiriwa vizuri zitatosha kwa maelfu ya madarasa, na gharama ya kuzichora mara moja itakuwa ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya kujenga upya darasa lililopasuka.

Jibu la pili ni kwamba jengo lenye usanifu mzuri ni la matajiri. Hilo limekwisha kanushwa na Mwafrika mwenzetu, Francis Kéré wa Burkina Faso, aliyezaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando. Alianza kama seremala, akasoma usanifu Berlin, na kabla hata ya kuhitimu alichangisha fedha za kujenga shule ya msingi kijijini kwao, iliyokamilika mwaka 2001. Matofali yalitengenezwa kwa udongo wa pale pale ukichanganywa na saruji kidogo, wanakijiji wenyewe walijenga, na paa la bati liliinuliwa juu ya dari ili hewa ya moto itoke. Shule hiyo ilipata tuzo ya Aga Khan mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote katika usanifu. Njia yake ilianzia kwenye darasa la kijijini, darasa ambalo wasanifu wengi wangeona haya kulitia katika orodha ya kazi zao.

Hapo lawama lazima iwafikie wasanifu wenyewe. Taifa limegharamia elimu yao kwa muda mrefu. Chuo cha Ardhi kilichoanzishwa mwaka 1972 kimekua hatua kwa hatua mpaka kikawa Chuo Kikuu Ardhi mwaka 2007, na wahitimu wake ni wengi kuliko ambavyo kizazi cha Ndugu Amuli kingeweza kuota. Hata hivyo ofisi nyingi za usanifu zimerundikana Dar es Salaam, na baadhi ya kazi zake ni maghorofa ya vioo yaliyoigwa kutoka nchi za baridi, ambayo bila mashine za kupooza hewa hayakaliki. Kumiliki kalamu bila kuachana na kasumba ni uhuru nusu. Ndugu Amuli naye alisoma ng'ambo, lakini aliyoyasoma huko aliyatumia kumtafutia mchuuzi wa Kariakoo kivuli.

Soko lake limetupa pia somo chungu. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 liliungua, na wafanyabiashara wengi wakapoteza mali. Serikali iliamua kulikarabati na kujenga jengo jipya kando yake. Funzo lake ni kwamba jengo bora halijilindi. Likishafunguliwa kwa hotuba linahitaji mtu wa kukagua nyaya za umeme, kuzibua mifereji, kuhakikisha njia za kutokea hazikuzibwa na bidhaa, na kutenga fedha za matengenezo kila mwaka. Mzigo huo si wa msanifu. Ni wa watumishi wa umma waliokabidhiwa jengo, na hauna tofauti kati ya soko la mamilioni ya shilingi na choo cha shule.

Basi kazi iko wazi kwa kila mmoja. Wakurugenzi na mainjinia wa halmashauri za Bukoba na Muleba wadai ramani zinazolingana na mvua na tetemeko la Kagera, na wasikubali darasa lisilo na mkanda wa zege, mfereji wa paa na tangi la maji kuhesabiwa kuwa limekamilika. Walimu wakuu na kamati za shule wasingoje kualikwa siku ya kukabidhiwa funguo, bali waulizwe kabla ya msingi kuchimbwa, kwa kuwa wao ndio wanaojua upepo wa ziwa huingilia wapi na maji hutuama wapi. Bodi inayosajili wasanifu na vyama vyao waone njia ya kuwapeleka vijana wahitimu kufanya kazi wilayani, kama madaktari na walimu wanavyopelekwa. Nao madiwani wa Chama, ambao huulizwa na wananchi idadi ya madarasa, wajizoeze kujibu pia swali la pili: madarasa hayo yatasimama miaka mingapi?

Mtoto wa Kemondo hatajua jina la aliyechora darasa lake, na si lazima alijue. Anachostahili ni kumsikia mwalimu wake mvua inaponyesha, na kutoka mlangoni akiwa mzima ardhi inapotikisika.