Nyoka Hakohoi

Juzi, baada ya swala ya alasiri, kijana jirani yangu hapa Shelly Beach alinijia na ndoo iliyofunikwa kanga kuukuu, na ndani yake mlikuwamo chatu mchanga, hata dhiraa moja hajatimiza, kichwa amekiinua, kinywa wazi, na povu jembamba likimtoka puani na kurudi kwa kila pumzi.

"Masalkheri, mzee. Huyu ana kiu tu," aliniambia.

Sikuafikiana naye. Nyoka hana kiwambo cha kifua mfano wa chetu, wala hawezi kukohoa akatoa makohozi, hivyo povu la namna ile aghalabu ni alama ya maradhi ya mapafu. Na lau angepinduliwa chali akashindwa kujigeuza, ningehofia ugonjwa ule wa chatu ushikao ubongo, ambao virusi vyake vilitambuliwa mwaka 2012 tu.

Kumbe kijana alikwishaliona povu tangu wiki iliyopita, ila alichelea kumwendea tabibu wa wanyama, kwani sheria ya mwaka 2013 yataka kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, naye hanacho. Sheria naiunga mkono. Chatu si paka. Lakini amletaye mgonjwa kwa hiari yake apokewe kwa hisani, si kwa pingu, ama sivyo wagonjwa watafichwa uvunguni hadi wafe.

Asubuhi tulivuka feri ya Likoni kwenda kumsalimisha, naye kijana kila mara akiinua ncha ya kanga, achungulie.