Utafiti Si Kuprinti Piramidi

Nitaanza na ile itauma. Watoto wa Kitengela wanaijua Misri ya kale kuliko wanavyoijua Kajiado. Na hata hiyo Misri hawaijui. Wanajua tu kuiprinti.

Si mnajua vile huenda? Mwalimu anasema, "Fanyeni utafiti kuhusu ustaarabu wa kale, mlete Jumatatu." Jumapili jioni saiba zote za Noonkopir zimejaa. Mzazi yuko kwa foleni, jamaa wa saiba anatafuta "piramidi", anaprinti kurasa nne za rangi. Mtoto anagundisha kwa manila, anaandika jina lake kwa kalamu nene, anapata alama. Hajasoma hata mstari mmoja. Siku hizi hata saiba imekuwa mbali. ChatGPT inaandika, mzazi anatuma kwa grupu ya darasa, kwisha.

Huo si utafiti, wasee. Huo ni uchukuzi. Umetoa maneno kwa skrini ukayapeleka kwa karatasi.

Na sina vita na Misri. Piramidi ni noma, hata mimi nazipenda. Shida yangu ni lile funzo linaloingia kichwani kimya kimya: kwamba mambo ya kale yanakaa mbali, na kazi ya mwanafunzi ni kubeba majibu ambayo mtu mwingine alishayatafuta.

Sasa fungua ramani. Toka Kitengela, shuka Isinya, shika barabara ya Kiserian, halafu ingia ile ya Magadi. Kabla ufike Magadi kuna mahali panaitwa Olorgesailie. Bado ni Kajiado hii yetu. Hapo kuna shoka za mkono, zana za mawe zilizochongwa na binadamu wa kale kuanzia kama miaka milioni 1.2 iliyopita. Piramidi kubwa ya Giza ina kama miaka 4,500. Hebu piga hiyo hesabu polepole.

Mary na Louis Leakey walianza kuchimba hapo miaka ya 1940, na 1947 pakafunguliwa kama makavazi. Shoka nyingi waliziacha palepale zilipopatikana, wakajenga daraja la mbao juu yake ndio watu watembee wakiziangalia. Waliosoma 8-4-4 wanajua hilo jina, kwa sababu kidato cha kwanza tulilikariri kwa orodha: Olorgesailie, Kariandusi, Olduvai. Tulikariri kama namba za simu, tukaandika kwa mtihani, tukasahau. Wengi wetu hatukuambiwa ni matatu mbili au tatu kutoka hapa.

Najua kuna mtu tayari anaandika: "Hayo ni mawe tu, si ustaarabu." Ni kweli, Olorgesailie si mji. Ukitaka mji wa kale wa Kenya nenda Gedi, karibu na Watamu, mji wa Waswahili wenye msikiti na nyumba za mawe, ambapo wachimbaji walipata hadi vyombo vya kauri vya China. UNESCO iliuweka kwa orodha ya turathi za dunia 2024. Ukitaka kuta za mawe zilizopangwa bila saruji nenda Thimlich Ohinga, Migori, iliyoingia kwa orodha hiyo 2018. Kwa hivyo hata hoja ya "sisi hatukuwa na kitu" imekufa.

Lakini mimi nayatetea hayo mawe, kwa sababu yanafunza utafiti kuliko manila yoyote ya piramidi. Sikia hii.

Watafiti wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzao wa Smithsonian ya Marekani walipata Olorgesailie vipande vya obsidiani, lile jiwe jeusi la volkeno linalong'aa kama chupa. Vilikuwa vya kama miaka 300,000 iliyopita. Sasa hapo ndipo swali linaanza: mbona mawe mengine ni ya hapahapa, na hili si la hapa? Limetoka wapi? Wakapima kemikali zilizo ndani ya vipande, wakalinganisha na obsidiani ya sehemu mbalimbali za Bonde la Ufa. Zikashikana na mawe ya mbali, kilomita 25 hadi karibu 90. Halafu swali lingine: nani alibeba, na kwa nini? Wakafikia wazo kwamba huenda vikundi vya watu vilikuwa vinafahamiana na kubadilishana vitu. Yaani kabla kuwe na mji wowote duniani, kuna watu hapa Kajiado labda walikuwa na mabeste mbali. Hayo yalichapishwa 2018 kwa jarida la *Science*.

Umeona mpangilio? Kitu, swali, ushahidi, kulinganisha, jibu, halafu swali jipya. Huo ndio utafiti. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuuelewa. Mbona tusimfunze huo?

Wataniambia hakuna pesa. Sawa, lakini zile safari za shule za kwenda kuogelea na kula chipo zinalipwa na nani? Na hata bila basi, Kitengela yenyewe imejaa maswali. Noonkopir maana yake nini? Muulize mzee wa Kimaasai, muulize na mwingine, uone kama wanakubaliana. Reli inayotoka Konza ikapita Kajiado hadi Magadi ilijengewa nini? Mikataba ya 1904 na 1911 iliwahamisha vipi Wamaasai kutoka Naivasha na Laikipia hadi huku kusini, na kwa nini walienda kortini 1913? Karatasi za enzi hizo ziko Nairobi, Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, pale Moi Avenue, jengo ambalo wengi wetu hulitumia tu kungojea mtu.

Wengine watasema AI inatosha. AI inakuletea yale yaliyoandikwa. Koko wa jirani yako kule Isinya hajaandikwa popote. Akienda, ameenda na maktaba yake.

Na usidhani hii ni vita ya somo moja la shule. Tunaishi mji ambao watu wanauziwa ploti hewa. Mtu anaonyeshwa hati miliki yenye muhuri mzuri, anaambiwa "ni safi", anatoa akiba ya miaka kumi. Hakwenda ofisi ya ardhi kuangalia jina la mwenyewe. Hakuuliza majirani. Aliamini karatasi kwa sababu imeprintiwa vizuri. Ulidhani hiyo tabia inatoka wapi? Tumekuwa tukiipatia alama tangu darasa la nne.

Kwa hivyo walimu wangu, na najua madarasa yamejaa na mishahara ni story ingine, naomba kitu kimoja ambacho hakina gharama. Kila projekti ya historia ikiletwa, usiangalie rangi ya picha. Muulize mtoto: "Umejuaje?" Akisema "nimeona kwa Google", muulize nani aliandika, na yeye alijuaje. Asiye na jibu arudi atafute. Aliyekuja na kurasa mbili za daftari, mwandiko mbaya, lakini aliongea na wazee wawili na akaona hawakubaliani, huyo ndiye wa kwanza darasani.

Na wewe unayesoma hii ukiwa na miaka kumi na saba na bando: enda Olorgesailie. Piga picha, uliza walinzi wa pale maswali mpaka wachoke, lakini usiokote jiwe hata moja. Sheria ya 2006 ya makavazi na turathi inakataza, na jiwe likitoka mahali pake linakuwa bubu, kwa sababu nusu ya habari yake ni pale lilipokuwa.

Halafu urudi utuambie umeona nini. Na ujipange, kwa sababu kwa comments nitakuuliza umejuaje.